Saratani ya Tezi Dume: Si Kila Mgonjwa wa Kukimbiliwa kwa Kisu

Baba wa nyumba akiambiwa hospitali kwamba ana saratani, jamaa watasema kwa sauti moja: "Ikatwe upesi!" Ni neno la mapenzi. Hata hivyo, kwa saratani ya tezi dume, pengine daktari atamshauri mgonjwa arudi kazini kwake, asikatwe wala asichomwe kwa mionzi, bali afuatiliwe.

Tezi hiyo i chini ya kibofu, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo. Kandokando yake hupita mishipa ya fahamu iletayo nguvu za kiume. Ndiyo maana matibabu, ingawa huponya wengi, huweza kumwachia mtu mkojo usiozuilika au kushindwa tendo la ndoa; mambo yasiyosemwa barazani, lakini yanayovunja raha ya nyumba. Nazo ziko saratani za tezi hii zinazokua polepole mno, hata mwenye nazo akafa kwa maradhi mengine.

Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2009, wanaume 1,643 wa umri wa miaka 50 hadi 69 waligawanywa kwa bahati nasibu: upasuaji, mionzi, au kufuatiliwa. Matokeo ya miaka 15 yalitangazwa mwaka 2023. Waliouawa na saratani hiyo walikuwa 45 tu, na makundi yalikaribiana. Lakini tusidanganyane: waliofuatiliwa walisambaliwa na ugonjwa mwilini wapatao 9 katika kila 100, na wenzao 5 hivi. Tena zaidi ya nusu yao hatimaye walitibiwa.

Kufuatiliwa, basi, si kuachwa. Damu hupimwa kiwango cha PSA mara kwa mara, picha hupigwa, na vinyama vya tezi huchukuliwa tena vikatazamwe kwa hadubini. Dalili zikibadilika, matibabu huanza. Anayekimbia kliniki hafuatiliwi. Anacheza na roho yake.

Njia hii ni ya ugonjwa uliogunduliwa mapema, ungali ndani ya tezi, na chembe zake si kali. Kwetu Tanzania wengi hufika hospitali umekwisha kuingia mifupani. Hao hawana cha kusubiri. Na kwa kuwa wanaume wenye asili ya Kiafrika hupatwa zaidi na ugonjwa huu, ni haki yako kumwuliza daktari, mkeo akiwa kando: chembe ni za daraja gani, PSA ni ngapi, na nirudi lini?