Kalenda ya Mpunga na Kiti cha Darasani

Masika yakikolea katika bonde la Kilombero, mitaa ya Mlabani, mjini Ifakara, hupungua watu. Familia nyingi za hapa zina makazi mawili: nyumba ya mjini, na kibanda cha shambani ambako watu huhamia tangu kulima hadi kuvuna mpunga. Wapo watoto wanaoondoka na wazazi. Wapo pia wanaoachwa mjini ili wasome, wakijipikia chini ya uangalizi wa kaka au dada.

Mpunga ukishatoa masuke, mtoto huongezewa kazi. Kwelea-kwelea hushuka kwa makundi, asubuhi na jioni, na lazima mtu awe juu ya dungu akiamia ndege kwa kombeo na debe la kugonga. Akizubaa saa chache, chakula cha familia kimeliwa. Wakati huohuo shule ipo katika muhula wa kwanza, kwa kuwa ratiba ya masomo hupangwa kwa nchi nzima na haimsubiri mkulima wa bonde.

Wataalamu wanaopima usawa wa elimu kwa muda mrefu walianzia kwenye ada, na hapo Tanzania imepiga hatua ndefu. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaiondoa sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 zamu ikawa ya kidato cha tano na cha sita. Mwaka 2021 fedha za kukabiliana na UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000, na 3,000 kati yake yalikwenda kwenye vituo shikizi vya watoto wanaoishi mbali na shule mama. Novemba mwaka huo, waliokatiza masomo waliruhusiwa kurudi, wakiwemo wasichana waliojifungua. Hata Mto Kilombero, uliokuwa ukivukwa kwa kivuko, sasa una daraja lililozinduliwa Mei 2018.

Lakini kutolipa ada hakumpunguzii mtoto wa dungu hata siku moja ya utoro. Habari njema ni kwamba kikwazo kilichobaki kinajulikana mahali pake na miezi yake. Kinaweza kupangiwa.

Bonde lenyewe limewahi kuonyesha namna. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa kituo kilichokuja kuitwa Taasisi ya Afya Ifakara waliendesha mradi wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Vyandarua vya Zuia Mbu viliuzwa na watu ambao wanakijiji walikuwa wakiwafahamu, na wajawazito pamoja na mama wenye watoto wadogo wakapewa hati ya kupunguziwa bei. Baadaye utafiti ulionyesha kuwa watoto waliotumia vyandarua hivyo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Kuanzia mwaka 2004 Hati Punguzo ikawa mpango wa taifa. Faida mojawapo ya chandarua ni kwamba kinakunjwa na kubebwa: familia ikihamia shambani, kinga inahama nayo.

Je, somo nalo linaweza kubebwa? Kolombia ilijibu swali hilo tangu mwaka 1975, pale Vicky Colbert na wenzake walipoanzisha Escuela Nueva katika shule ndogo za vijijini. Mtoto hupewa mwongozo wa kujisomea hatua kwa hatua. Akiondoka kwenda kuvuna kahawa, akirudi anaendelea pale alipoachia, na hapandi darasa kwa kufuata tarehe pekee. Mwalimu mmoja huweza kusimamia madarasa kadhaa katika chumba kimoja, hali ambayo walimu wa vituo shikizi wanaifahamu vizuri.

Kwa Ifakara, kazi inaweza kuanzia kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu mkuu akilinganisha Februari na Mei, mtoto mmoja mmoja, ataona nani anapotea kila msimu na familia yake inalima upande gani. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha kituo shikizi kijengwe wapi, na nani aandaliwe vitini vya miezi mitatu kabla ya kuhama. Chakula cha mchana kinaweza kutoka kwenye mpunga uleule: wazazi wakikubaliana kuchangia baada ya kuvuna, kwa hiari na bila mtoto wa asiyechangia kurudishwa nyumbani, wale wanaojipikia watakuwa na hakika ya mlo mmoja. Mpango wa MEMKWA, uliobuniwa kwa walioikosa elimu ya msingi, nao unaweza kuwapokea waliokwisha kupitwa.

Muda haupo mwingi. Sera mpya imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, na elimu ya msingi itaishia darasa la sita. Walioanza darasa la tatu Januari 2024 kwa mtaala ulioboreshwa watamaliza mwaka 2027, sambamba na wenzao wa darasa la saba wa mtaala wa zamani. Makundi hayo mawili yanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Kabla ya hapo, madaftari ya mahudhurio ya Mlabani yatakuwa yamepita katika misimu kadhaa ya mpunga, na kila msimu unatosha kuwa jaribio kwa shule itakayotaka kuanza.