Je, Wajua? Kasighau, Mlima Ambao Watu Wake Walihamishwa Wote

Je, wajua kwamba ukishuka Maungu, kituo cha malori kwenye barabara kuu kati ya Voi na Mombasa, ukatazama kusini, ule mlima uliosimama peke yake nyikani una msitu wa ukungu kileleni? Ndio Kasigau, au Kasighau kama wenyeji wanavyoandika. Kimo chake ni zaidi ya mita 1,600. Chini ni mibuyu, vichaka vya miiba na ndovu wa Tsavo. Juu, upepo wa Bahari ya Hindi huacha ukungu unaolowesha miti mwaka mzima, na maji yake huteremshwa kwa mabomba hadi vijijini. Rukanga, Jora, Kiteghe, Makwasinyi na Bungule vimeuzunguka mlima kama shanga shingoni, kila kimoja mguuni pake.

Msitu huo una jamaa zake kwenye Milima ya Taita, lakini kati yao ni nyika tupu, kama visiwa viwili baharini. Ndiyo maana kuna kinengenenge, ndege mdogo mwenye duara jeupe pana machoni, anayeishi Milima ya Taita na Kasighau tu, wala hapatikani kwingine kokote duniani.

Je, wajua kwamba mwaka 1915 vijiji hivi viliachwa bila mtu?

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliokuwa wakitawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika waliiteka Taveta mara moja, kisha wakawa wanavuka nyika kwa siri kwenda kulipua reli ya Mombasa. Kasighau ilikuwa njiani, na ilikuwa na maji. Waingereza waliweka kikosi hapo. Agosti 1915 Wajerumani wakakivamia na kukishinda, na Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliomwonyesha adui njia. Adhabu haikumtafuta mwenye kosa. Wazee, wanawake na watoto, wote walikusanywa wakapelekwa Malindi.

Fikiria watu waliozoea maji ya mlimani wakitupwa pwani bila shamba, bila mifugo, katika joto na malaria. Wengi walikufa huko. Waliosalia waliruhusiwa baadaye kurudi upande wa Taita, lakini si kwao. Mlima wenyewe waliurudia katika miaka ya 1930. Mtoto aliyeondoka amebebwa mgongoni alirudi akiwa mtu mzima. Kwangu mimi hii ni mojawapo ya dhuluma kubwa za vita ile katika Kenya, na vitabu vya shule vinaipita kimya.

Leo jina la Kasighau linajulikana mbali kwa sababu nyingine: mwaka 2011, mradi wa kaboni kwenye ushoroba ulio kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi ulikuwa wa kwanza duniani wa aina ya REDD+, yaani ya kulinda misitu ili kupunguza hewa ya kaboni, kupewa hati za kaboni chini ya kiwango cha kimataifa cha VCS.

Lakini turudi kwenye Vita Kuu. Uingereza, karibu kila kijiji kina mnara wenye majina ya vijana wake waliokufa katika vita ile. Waliofia Malindi hawakuwa askari, lakini vita ndiyo iliyowaua. Kama bibi au babu yako ni wa Kasighau, muulize leo ni nani wa ukoo wenu hakurudi, uyaandike majina.