Sungura Aliyetupwa, na Nyumba Inayompokea

Kaeni vizuri, msikilize.

Somo letu la leo ni juu ya sungura. Wengi wenu mnamjua sungura wa hadithi, yule mjanja anayemshinda fisi. Mnamjua pia sungura wa kibandani, anayefugwa kwa ajili ya nyama. Leo tutazungumza juu ya sungura wa tatu, yule anayekaa ndani ya nyumba pamoja na watu, kama paka. Desturi hii imeenea Marekani na Uingereza. Huenda mtu akacheka. Lakini ngojeni kwanza mwisho wa somo.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Sungura wa mwituni wa nchi zetu, ndiye yule wa hadithi, hulala juu ya ardhi. Watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho yaliyo wazi. Sungura wa kufugwa ni mnyama mwingine. Asili yake ni Hispania na Ureno. Yeye huchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba. Kumbukeni tofauti hiyo, maana tutaihitaji.

Sasa, kwa nini sungura aokolewe? Sababu yake ni hii. Marekani, wakati wa Pasaka, sungura ni alama ya sikukuu. Wazazi wengine huwanunulia watoto wao sungura mdogo awe zawadi. Ni mdogo, laini, anapendeza. Baada ya miezi michache amekuwa mkubwa. Anatafuna viatu na nyaya za umeme. Dume anakojoa huku na huku ili kuonyesha kwamba mahali hapo ni pake. Mtoto amechoka naye. Basi baba anamchukua, anamwacha bustanini au porini, na anajiambia moyoni, "Atajitafutia."

Je, ni kweli atajitafutia? La. Huyu si yule wa mwituni. Labda ni mweupe, hana pa kujificha. Hajui mbwa wala mbweha. Wengi hufa upesi. Wanaobahatika huokotwa na kupelekwa katika kituo cha kutunza wanyama waliotupwa, na hapo hungoja mtu mwingine wa kuwachukua.

Mwaka 1985, mama mmoja wa California, Marinell Harriman, alitoa kitabu cha kufundisha jinsi ya kukaa na sungura ndani ya nyumba. Mwaka 1988 kilianzishwa huko huko California chama kiitwacho House Rabbit Society, cha kuwaokoa sungura na kuwatafutia makao. Kisha, mwaka 2017, serikali ya jimbo hilo ilitunga sheria, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Sheria hiyo ilikataza maduka kuuza mbwa, paka na sungura, isipokuwa wale waliotoka katika vituo vya wanyama waliotupwa.

Haya, tuseme jamaa moja imekwenda kituoni na inataka kumchukua sungura. Ijue nini?

Jambo la kwanza ni muda. Sungura anayetunzwa vizuri ndani ya nyumba huishi miaka 8 hadi 12. Mtoto wa miaka minane atakuwa kijana wa kuoa na sungura yu hai bado. Kwa hiyo mwenye mnyama ni mtu mzima, si mtoto. Mtoto atasaidia tu.

Jambo la pili ni uzazi. Jike hubeba mimba siku 31 hivi tu, na anaweza kushika mimba tena mara tu baada ya kuzaa. Dume na jike wakiwekwa pamoja, nyumba itajaa. Ndiyo maana vituo vingi huwahasi madume, na majike huwatoa kizazi, kabla ya kuwapa watu. Faida yake ni zaidi ya moja. Dume hupunguza kukojoa ovyo. Jike huepushwa na saratani ya kizazi, ugonjwa unaowaua majike wengi wazee. Tena sungura hapendi upweke, na wawili waliokwisha kufanyiwa hivyo huweza kukaa pamoja kwa amani.

Jambo la tatu ni chakula. Watu wengi hufikiri sungura ni mnyama wa karoti. Sivyo. Karoti ina sukari nyingi, apewe kidogo tu. Chakula chake hasa ni majani makavu, na yawepo mbele yake mchana na usiku. Kwa nini? Meno yake hayaachi kukua. Ya mbele hukua milimita 2 hadi 3 kwa juma. Kutafuna majani ndiko kunakoyapunguza. Asipotafuna, meno hurefuka, humchoma mdomoni, naye hushindwa kula.

Jambo la nne ni usafi. Sungura hufundishika. Hupenda kwenda haja mahali pamoja. Weka sanduku pembeni, tia karatasi chini, na majani makavu upande mmoja. Atakula huku anajisaidia, na nyumba itabaki safi. Nyaya za umeme zifunikwe au ziinuliwe juu.

Jambo la tano ni kumshika. Usimwinue kwa masikio kamwe. Mifupa yake ni myepesi, na akipiga teke kwa hofu anaweza kuvunjika mgongo. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine chini ya matako. Lakini bora kuliko yote, kaa chini sakafuni, umwache aje mwenyewe. Aliyetupwa huchelewa kuamini watu.

Sasa sikilizeni jambo kubwa kuliko yote. Mbwa akiumwa hulia. Sungura hanyamazi kwa sababu ni mzima. Yeye ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa huficha udhaifu wake. Kwa hiyo kila asubuhi tazama vitu viwili: Je, amekula? Je, amepata choo? Tumbo lake halipaswi kusimama kufanya kazi. Akipitisha saa 12 bila kula, msingoje kesho. Mpelekeni kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.

Basi, wanafunzi wapenzi, mwaona kwamba somo hili si la Marekani peke yake. Hata wa kibandani kwako ana meno yale yale, tumbo lile lile, na kimya kile kile. Mnyama asiyeweza kusema anamtegemea mtu mwenye macho ya kutazama.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini sungura wa kufugwa hawezi kujitafutia porini?
2. Taja faida mbili za kumhasi dume na kumtoa jike kizazi.
3. Majani makavu yana kazi gani zaidi ya kushibisha?
4. Utajuaje kwamba sungura wako anaumwa?

Jadilianeni na mwalimu wenu. Kwa herini, mpaka juma lijalo.