Rangi ya nguzo za zege: haraka ya Kitswamba, hasara ya Kasindi

Barabara itokayo Fort Portal kwenda Kasese inapopita maeneo ya Kitswamba na Hima, saruji ni kama bidhaa ya shambani. Kiwanda cha Hima kinasaga mawe ya chokaa ya eneo hili, na saruji inapotoka karibu, fundi wa matofali, wa vizingiti na wa nguzo za uzio hapati shida ya kuanza kazi. Anahitaji fomu za mbao au za chuma, nondo nyembamba, mchanga, kokoto na mahali pa wazi pa kuanikia.

Sehemu ya kazi hiyo huishia ng'ambo. Lori likipita Kasese mjini, Muhokya na Kikorongo, kisha likakata kwenda magharibi, linafika Bwera na Mpondwe baada ya zaidi ya kilomita 50 kutoka Kasese. Mto Lhubiriha ukivukwa, ni Kasindi, na mbele yake Beni na Butembo. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili 2022, njia hiyo ni ya ndani ya Jumuiya kwa pande zote mbili, na mwenye kuuza vifaa vya ujenzi ana kila sababu ya kuitazama.

Mnunuzi wa uzio wa bustani au wa ua wa nyumba hupenda kilichopakwa rangi. Nguzo ya kijivu inamkumbusha godauni, nyeupe inamkumbusha nyumbani. Ndiyo maana muuzaji hupaka haraka ili apakie haraka, na hapo ndipo hasara inapozaliwa. Mvua mbili zikipita rangi inavimba mapovu, inabanduka vipande kama ganda la ndizi lililokauka, na chini karibu na udongo nguzo inabaki na madoa meupe yanayorudi hata yakisuguliwa. Nguzo ya sentimita 10 kwa 10 yenye urefu wa mita 2.4 ina uzito wa karibu kilo 58, na hakuna mteja wa Kasindi atakayeirudisha kwa boda. Atanyamaza, na safari ijayo atanunua kwa mwingine.

Wengi huilaumu rangi. Mara nyingi kosa liko kwenye zege lenyewe, au kwenye siku ambazo halikupewa.

Zege bichi lina alikali kali mno. Kipimo chake cha pH hufika 12 hadi 13. Rangi ya mafuta, ile inayong'aa na ambayo mafundi huipenda kwa milango na madirisha, haiwezi kuishi juu yake. Mtengeneza sabuni anajua kwa nini: mafuta yakikutana na kostiki hugeuka sabuni. Jambo hilohilo hutokea chini ya rangi, polepole, kwa msaada wa unyevu uliobaki ndani ya nguzo. Tabaka la chini linalainika, la juu linakosa pa kushika, na mwenye uzio anaona rangi ya bei kubwa ikining'inia.

Kwa hiyo nguzo mpya isiguswe na brashi kabla ya siku 28, ambazo ndizo mafundi wa zege huhesabu kuwa za kukomaa. Siku 7 za kwanza imwagiliwe maji na kufunikwa, maana kwenye joto la uwanda wa Kasese zege linaloachwa juani hupasuka nyufa ndogo ambazo rangi haitaziba. Baada ya hapo iachwe ikauke. Kama kuna shaka, kipande cha nailoni kibandikwe kwa utepe kwenye ubavu wa nguzo jioni na kiangaliwe asubuhi. Kikiwa na matone ya maji kwa ndani, nguzo bado ina unyevu na ingoje. Jaribio hili halina gharama, na linafaa zaidi kuliko ahadi ya mtu yeyote kwamba “hii imekauka”.

Adui mwingine hutoka kwenye fomu. Ili zege lisigande kwenye fomu, wengi huipaka oili chafu ya gari. Nguzo ikitoka, ngozi yake imebeba mafuta hayo, na hakuna rangi inayoshika juu ya oili. Maji yatonyezwe juu ya nguzo: yakinyonywa, ni salama, yakisimama kama umande juu ya jani la myugwa, isuguliwe kwa sabuni na brashi ngumu, isuuzwe, ikaushwe tena. Nguzo zilizokaa muda mrefu zipitishiwe kiganja. Kikirudi na vumbi, isuguliwe kwa brashi ya waya kwanza.

Rangi inayofaa ni ya maji, ya akriliki, iliyotengenezwa kwa kuta za nje, juu ya praima inayovumilia alikali. Hiyo inaruhusu unyevu kutoka kidogo kidogo bila kuivimbisha. Mkono wa kwanza uzimuliwe kwa maji kama kopo linavyoelekeza, uingie kwenye vitundu vya zege. Wa pili uwe mzito. Kazi ifanyike asubuhi au jioni. Mchana wa Kasese huikausha rangi kwenye brashi kabla haijafika ukutani, na alasiri wingu la Rwenzori linaweza kushuka bila kubisha hodi.

Chokaa ya Muhokya na chumvi ya Katwe

Kwa uzio wa bei nafuu, eneo hili lina kitu cha zamani kuliko kopo lolote. Muhokya, hapo hapo njiani kusini ya Kasese, huchomwa mawe ya chokaa kwenye tanuru. Chokaa iliyozimwa kwa maji ikapakwa nyembamba juu ya zege lililoloweshwa kidogo huvuta hewa ya kaboni na kugeuka tena kuwa jiwe lile lile ilikotoka. Alikali ya zege haiisumbui, kwa kuwa yenyewe ni alikali, na unyevu unapita ndani yake bila kuibandua. Huchakaa kwa kupungua taratibu na kupakwa upya msimu unaofuata. Kwa bustani ya mboga au ua wa shule, mikono mitatu myembamba ya chokaa hupendeza kuliko rangi mbovu, na mtu akikataa kwa sababu ni kitu cha vijijini basi analipia jina.

Anayeizima chokaa ya kuungua atie chokaa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe asimwage maji juu ya rundo la chokaa, maana huchemka na kuruka. Ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Miwani na glavu si za mapambo.

Lakini kuna desturi moja ya kuachwa. Mafundi wengi huongeza chumvi kwenye chokaa ili ishike na isichafue nguo ya anayeegemea. Ziwa Katwe liko karibu, chumvi ni rahisi, na kwenye ukuta wa udongo au mti hakuna tatizo kubwa. Ndani ya nguzo ya zege, hata hivyo, mna nondo. Chumvi hupenya na maji, ikifika kwenye chuma huanzisha kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Nguzo hupasuka kwa urefu kutoka ndani, kwanza ufa mwembamba wa kahawia, kisha kona inadondoka. Nguzo ndogo ina hatari zaidi kwa sababu zege linalofunika nondo ni sentimita mbili tu au pungufu. Hakuna rangi inayoponya hilo. Mfanyabiashara anayebeba chumvi na nguzo kwenye lori moja, jambo la kawaida kwa njia hii, afunike chumvi na kuiweka mbali na nguzo, mvua isije ikaiyeyushia juu yake.

Sehemu itakayozikwa haihitaji rangi hata kidogo. Ipakwe lami hadi sentimita chache juu ya usawa wa ardhi. Hiyo ndiyo inayozuia maji ya udongo kupanda na kuleta yale madoa meupe.

Kupaka hapa au kupaka kule

Nguzo zilizopakwa kikamilifu Kitswamba hufika Kasindi zimechubuka, hata zikitenganishwa kwa majani makavu ya migomba. Wapo wanaobeba kopo la kurekebishia, lakini viraka huonekana. Njia yenye akili ni kupeleka nguzo zilizokomaa, zenye lami chini na praima juu, na kuuza rangi kando ili mkono wa mwisho upakwe uzio ukishasimama. Mteja anachagua rangi yake, na muuzaji anauza bidhaa mbili badala ya moja.

Hesabu yake si ngumu. Nguzo ile ya kilo 58 ikizikwa sentimita 60, inabaki mita 1.8 juu, yenye takriban mita mraba 0.72 za kupakwa. Nguzo 100 ni mita mraba 72, na mikono miwili ni 144. Kwenye zege la kukwaruza lita moja hufunika kama mita mraba 6, basi lita 24 zinatosha: ndoo moja ya lita 20 na kopo la lita 4. Paneli ya urefu wa mita 2 na kimo cha nusu mita ina mita mraba 2 kwa pande zote mbili, bila kuhesabu kingo, na hapo ndipo wengi hukadiria kidogo na kuishiwa rangi katikati ya uzio.

Kopo lisomwe kabla ya kulipwa. Upande wa Uganda litafutwe lenye alama ya ubora ya UNBS. Upande wa Kongo ukaguzi wa bidhaa ni wa OCC. Shirika la Afya Duniani linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni, na uzio wa bustani ni mahali ambapo watoto hushika, hulamba na hukwangua. Njano na nyekundu zinazong'aa za bei ya kutupa ndizo za kutiliwa shaka kwanza.

Kwenye karatasi za forodha, nguzo na rangi ziandikwe mbalimbali. Jumuiya ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na nguzo iliyotengenezwa Kasese haina mashaka ya asili. Kopo la rangi linaweza kuwa limetoka mbali zaidi, likaichelewesha shehena nzima. Swali hilo liulizwe Mpondwe na Kasindi kabla lori halijapakiwa.