Kelele za Mashine Zaweza Kufungiwa Njia

Katika kiwanda cha chai feni za kunyaushia majani huvuma kwa saa nyingi mfululizo. Anayelalamika mara nyingi huambiwa: "Tia vizibo masikioni. Feni haizibiki, majani yanataka hewa." Zamani jibu hilo lilikuwa na ukweli mwingi. Leo ukweli wake umepungua, na yafaa tujue sababu.

Sauti ni mtikisiko unaosafiri hewani kwa mawimbi, kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Feni yenye mapanga 6, ikizunguka mara 1000 kwa dakika, hutikisa hewa mara 100 kwa sekunde. Wimbi lake moja lina urefu wa meta 3.4. Sponji nyembamba haliwezi wimbi kama hilo. Hutakiwa ukuta mzito, na ukuta huziba hewa pia.

Mwaka 2000 Ping Sheng na wenzake huko Hong Kong walionyesha njia nyingine. Walivika mpira laini gololi za madini ya risasi zenye upana wa sentimeta 1, wakazigandisha ndani ya gundi ngumu. Sauti ya kiwango fulani ilipopiga, gololi zilicheza kinyume cha wimbi na kulirudisha lilikotoka. Kwa hiyo kilichofanya kazi ni umbo la ndani, si uzito peke yake.

Mwaka 2017 wataalamu wa vyuo vikuu vya Sussex na Bristol, Uingereza, walitengeneza vitofali vya aina 16. Ndani ya kila kimoja mna njia za kupindapinda zinazochelewesha sauti kwa kipimo chake. Vikipangwa vizuri, sauti hukusanywa mahali pamoja, kama kioo cha kukuzia kikusanyavyo mwanga wa jua, au hugeuzwa upande mwingine.

Lililo karibu zaidi na feni zetu lilitoka Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, mwaka 2019. Ni pete yenye tundu wazi katikati. Sauti inayopita katika njia za mzunguko zilizomo ndani ya pete hupingana na ile ipitayo tunduni. Katika jaribio pete ilizuia asilimia 94 ya sauti iliyolengwa, na hewa ikaendelea kupita.

Tusidanganyane: pete ya namna hiyo huundwa kwa ajili ya sauti ya kiwango maalumu, na kelele za kiwandani huwa mchanganyiko. Haitanyamazisha karakana nzima. Lakini mvumo wa feni hurudia kiwango kilekile, na hapo ndipo vifaa hivi vinapofaa.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu sikio lililoharibiwa na kelele haliponi. Tena, Mkataba Na. 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, umeweka utaratibu: kwanza kelele zipunguzwe kwa ufundi, tangu mtambo unapobuniwa au kufungwa; zikishindikana kupunguzwa kwa njia hiyo, kazi ipangwe upya. Vifaa vya kujikinga mwilini huja baadaye, hatua hizo zisipotosha.

Basi matawi yetu, mwajiri anapoagiza mtambo mpya, yaulize mapema: kelele zake zimepimwa? Zimezuiwa vipi zisitoke kwenye mashine yenyewe? Vizibo vya masikio visiwe jibu la kwanza.