Sukari ya mama mwenye mimba: tusingojee tumbo lionekane

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama zetu wa Kasongo na Kabambare, kwetu mimba inatangazwa tumbo likiisha kuonekana. Mama wengi wanafika CPN mwezi wa tano, wengine wa sita. Kwa mama ambaye sukari ya damu yake iko juu, hapo wakati mkubwa umeshapita. Moyo wa mtoto, ubongo na uti wa mgongo vinaanza kutengenezwa katika wiki nane za kwanza, wakati hata jirani hajajua kitu. Sukari ikiwa mingi mno siku hizo, mimba inaweza kutoka, ao mtoto anazaliwa na kilema cha moyo ao cha mgongo. Hiyo si ulozi, na si kosa la mama.

Dalili zinadanganya

Mwenye ugonjwa wa sukari anasikia kiu, anakojoa mara mingi, anachoka. Lakini mimba yenyewe inachokesha na inakojoza. Kwa hiyo tusikae kungojea dalili, tupime. Na kupima mkojo peke yake hakutoshi: mama mwenye mimba anaweza kuonekana na sukari katika mkojo na damu yake iko sawa, ao mkojo ukawa safi na damu iko mbaya. Tuombe kipimo cha damu, tone moja la kidole, asubuhi kabla ya kula.

Shirika la Afya Duniani, OMS, liliweka alama mwaka 2013. Damu ya asubuhi ikitoa 92 mpaka 125 mg/dl, hiyo ni sukari ya mimba. Ikifika 126 ao zaidi, ni ugonjwa wa sukari kamili, na pengine mama alikuwa nao mbele ya kushika mimba.

Wa kupimwa mapema zaidi ni hawa: mwenye baba, mama ao ndugu mgonjwa wa sukari, mama mnene, aliyepata sukari katika mimba ya mbele, aliyezaa mtoto wa kilo 4 na kupita, yule tunayemsifu kijijini, na aliyezaa mtoto mfu bila sababu kujulikana.

Sahani na dawa

Kula kidogo, mara mingi, ndiyo kanuni. Nusu ya sahani iwe sombe, lengalenga ao matembele. Robo iwe samaki, maharagwe ao nyama. Robo tu iwe bugali ao wali wetu wa Maniema. Hatusemi mama aache bugali, tunasema mlima upunguke. Fanta, chai ya sukari mingi na maji ya muwa viachwe. Nyuma ya kula, atembee dakika kumi ao kumi na tano.

Kwa kawaida munganga anatafuta damu isipite 95 asubuhi, wala 120 saa mbili nyuma ya kula. Chakula kikishindwa, kuna sindano ya insulini. Wengine wanaogopa kwamba itamwingia mtoto. Hapana, insulini haipiti kwenye kondo. Mama aliyekuwa anameza vidonge vya sukari mbele ya mimba asiviache peke yake na asiviendeleze peke yake: aende haraka kwa munganga abadilishiwe.

Mwezi wa pili na wa tatu kuna kutapika. Mama anayejipiga insulini na chakula hakikai tumboni yuko katika hatari: sukari inashuka, anatetemeka, jasho linatoka, macho yanakuwa giza. Anywe mara moja maji yenye sukari, kisha aende santre ya afya. Watu wa nyumbani wajue jambo hili, maana yeye anaweza kushindwa kusema.

Pasipo frigo, chupa ya insulini inakaa vizuri ndani ya chungu cha udongo chenye maji, kivulini. Ikiisha kufunguliwa, isipite wiki nne.

Haki ya jamaa

Sasa neno letu la sendika. Mwenye kontra ya kazi asiombe matunzo ya bibi yake sawa vile zawadi. Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, kifungu cha 178, inamlazimisha mwenye kazi kutoa matunzo kwa mfanyakazi na jamaa yake, wakati wa ugonjwa, ajali, mimba na kuzaa. Mimba haianze mwezi wa tano. Kipimo cha sukari cha wiki ya sita ni matunzo ya mimba.

Wachimbaji wa mashimo hawana kontra, na sheria hiyo haiwafikie. Lakini wako katika koperative, na koperative ina kikapu. Tunaomba kila koperative iweke kando pesa ya kununua kipimo kimoja na vikaratasi vyake, kikae kwa munganga wa karibu. Na baba anayepanda Namoya ao Salamabila kwa miezi, asiache paka pesa ya chakula. Aache na ya CPN, na ya motari wa kumfikisha mama hopitali.

Bibi akikosa hedhi, wiki hiyohiyo apimwe. Na akiisha kuzaa, apimwe tena nyuma ya wiki sita, maana sukari ya mimba inaweza kurudi bila mimba.