Mcheza Kwao Hutunzwa: Jinsi Jukwaa la Video Linavyowapiku Wenzake

YouTube ilipoanzishwa Februari 2005 haikuwa ya kwanza wala haikuwa peke yake. Vimeo ilikwisha kuanza Marekani mwaka uliotangulia. Dailymotion ilizaliwa Paris mwaka huohuo wa 2005. Google, yenye fedha na mitambo mingi kuliko wote, ilikuwa na Google Video. Waanzilishi wa YouTube walikuwa vijana watatu waliotoka kampuni ya PayPal: Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim. Wazo lao la awali lilikuwa mahali pa watu kutafuta wachumba kwa video. Hata hivyo, Oktoba 2006 Google ilikubali kuinunua YouTube kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.65.

Google yenye nguvu zote hizo ilishindwaje kwa jukwaa lake yenyewe? Jukwaa la video ni soko: wanunuzi hufuata bidhaa, na bidhaa huletwa na wauzaji. Kwa hiyo anayeshinda ni yule anayemrahisishia kazi mtu mwenye video. Google Video mwanzoni ilimtaka mtazamaji asakinishe programu ya pekee, na video iliyopakiwa ilisubiri ikaguliwe ndipo ionekane. YouTube ilitumia programu ya Flash, iliyokuwamo tayari katika kompyuta nyingi, hivyo video ilicheza palepale kwenye kivinjari. Zaidi ya hapo, ilimwezesha yeyote kuibandika video hiyo kwenye ukurasa wake wa MySpace au tovuti nyingine. Kila aliyebandika video aliitangaza YouTube bila kudai malipo.

Urahisi huwaleta watu, lakini kinachowabakiza ni kipato. Mwaka 2007 YouTube ilianzisha mpango wa kugawana mapato ya matangazo na wenye chaneli. Kwa video za kawaida, mgawo wao ni asilimia 55. Mwaka huohuo kampuni ya Viacom iliishtaki ikidai zaidi ya dola bilioni 1 kwa sababu ya vipindi vyake vilivyopakiwa bila ruhusa. YouTube ilijenga Content ID, mfumo unaotambua kazi ya mtu ikipakiwa na mwingine. Mwenye hakimiliki akaweza kuchagua: video izuiwe, au iachwe na mapato yake yaende kwake. Uamuzi huo uliwageuza wengi waliokuwa wakigombana nayo kuwa washirika.

Vine inatuonyesha upande wa pili. Ilizinduliwa Januari 2013 ikiwa mali ya Twitter, na video zake za sekunde 6 zilizaa nyota wengi kwa muda mfupi. Lakini haikuwa na mpango wa kuwagawia mapato. Nyota wake wakubwa waliomba walipwe, makubaliano hayakupatikana, nao wakahamia kwingine. Oktoba 2016 Twitter ilitangaza kuifunga. Mcheza kwao hutunzwa. Asipotunzwa, hucheza kwa jirani, na watazamaji humfuata.

Baada ya urahisi na kipato, sifa ya tatu ni namna jukwaa linavyomkutanisha mgeni na watazamaji wake. Mwaka 2012 YouTube iliacha kutanguliza idadi ya mibofyo katika kupendekeza video, ikatanguliza muda ambao watu wanatazama. Vichwa vya video vya kulaghai vilipungukiwa na faida. TikTok ya ByteDance ilikwenda mbali zaidi: haimtaki mpakiaji awe na wafuasi kwanza. Video huonyeshwa kwa watu wachache wasiomjua, na wakiitazama hadi mwisho, hupelekwa kwa wengi zaidi.

Matokeo yake yanaonekana hata kwetu. Zamani msanii wa Bongo Fleva alitegemea redio na televisheni zimkubali ndipo asikike. Leo anapakia wimbo wake Dar es Salaam, nao unatazamwa siku hiyohiyo Mombasa, Lubumbashi na Muscat. Na kwa kuwa YouTube hurekebisha ubora wa picha kulingana na kasi ya mtandao, mwenye mtandao dhaifu naye anaweza kutazama.

Picha safi na mtaji mkubwa vinanunulika, na mshindani yeyote anaweza kuvipata. Imani ya wenye video hainunuliki kwa siku moja. Anayetaka kujenga jukwaa Afrika Mashariki na aanze na maswali matatu: mwenye video ataipakia kwa urahisi gani, atawafikiaje watazamaji, na atalipwa nini? Asiye na majibu hayo asianze kuajiri mafundi.